Karatasi Niliyoibandua

Afande mmoja alileta televisheni kwenye atelye yetu ya ufundi. Nilipoifungua nilikuta ndani yake karatasi yenye jina la mtu mwingine. Akaniambia niibandue. Nilipaswa kukataa. Nilichukua wembe na kitambaa chenye maji, nikaibandua polepole ili isichanike, kama fundi mwenye mikono mizuri. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa.

Nitawaeleza ilivyokuwa, ninyi vijana mnaotengeneza simu kwenye vibanda vya Majengo, kwa sababu ninyi ndio mlioniuliza. Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha Neema, nikimsaidia kupanga zile skrubu ndogo ambazo macho yangu hayazioni tena vizuri. Mama mmoja akaleta simu isiyopokea chaji. Nikakata kipande cha karatasi, nikaandika jina la mama, mtaa wake na ugonjwa wa simu, nikakibandika chini ya betri. Mlicheka wote.

"Muzee Bahati, hapa si hospitali," Neema alisema. "Unaipatia simu fishi kama mugonjwa?"

"Ngoja, ataiandikia na dawa," Claude wa kibanda cha pili akadakia. "Kidonge kimoja asubuhi, kimoja mangaribi."

Nilicheka pamoja nanyi. Lakini Neema hajui kuacha jambo likiwa nusu. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kufanya hivyo. Nikamjibu kwamba habari hiyo ni ndefu, kwamba nitaiandika. Kwa kweli nilitaka tu kuondoka pale.

Aliyenifundisha ni Muzee Kambale. Alitoka Butembo akiwa kijana, akafungua atelye ya televisheni na redio katikati ya mji wa Goma, hatua chache kutoka sokoni. Mimi nilifika kwake nikiwa mtu mzima, nina diploma ya sekondari ndani ya bahasha na sina kazi. Aliisoma diploma yangu mbele na nyuma, akanirudishia.

"Ni ya muzuri," alisema. "Sasa uikunje, uiweke mbali na moto. Njoo nikuonyeshe kitu kinaitwa risasi ya kuchomelea."

Alikuwa mtu wa maneno machache. Alifunga macho anaposikiliza mashine. Ninyi leo mnaunganisha simu na kompyuta, kompyuta inawaambia inaumwa wapi. Yeye aliwasha televisheni, akafumba macho, akavuta hewa kwa pua. Transfo inayoanza kuungua ina harufu ya samaki aliyesahauliwa. Kondensa iliyochoka inanguruma chini chini kama mtu anayelalamika peke yake chumbani. Nilichukua miaka miwili kusikia aliyosikia, na harufu zile hadi leo ziko puani mwangu, ingawa televisheni zenyewe zimekwisha.

Siku yangu ya kwanza ya kufungua nyuma peke yangu nilifanya kosa ambalo kila fundi wa zamani alifanya. Nilidhani televisheni ikichomolewa imekufa. Tyubu ya picha inaweka umeme ndani yake kwa muda mrefu, na mimi niliigusa pale penye kikombe cha mpira. Nilijikuta nimekaa sakafuni, kiti kimeanguka huku na viatu vyangu kule. Muzee Kambale hakuinuka. Alinywa chai yake.

"Imekusalimia," alisema. "Sasa wewe nawe uisalimie kwa heshima." Akanionyesha: turnevisi, yaani bisibisi, ndefu yenye waya, ncha moja kwenye chuma cha chini, nyingine chini ya kile kikombe, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Mkono mmoja nyuma ya mgongo, kila mara. Nimezika mafundi wawili waliotumia mikono yote miwili.

Alinifundisha pia mavumbi ya hapa kwetu. Mlima wetu wa moto unapopumua, majivu yanaingia kila mahali, na majivu hayo si kama udongo mwingine. Yakiwa makavu hayana neno. Yakipata unyevu wa mvua yanaanza kupitisha umeme, na mashine inafanya wazimu ambao haumo kwenye kitabu chochote kutoka Ulaya. Wakati mmoja nilijifanya mwenye akili, nikaosha sahani nzima ya saketi kwa maji na sabuni, nikaianika juani pamoja na nguo. Ilipowashwa ililia kama chungu kinachopasuka. Ilikuwa ya padri. Muzee Kambale alikwenda mwenyewe kumwambia padri kwamba kosa ni la atelye. Hakunitaja. Njiani tukirudi alisema tu, "Burashi kavu, Bahati. Burashi kavu na uvumilivu."

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya fishi, ile karatasi ya jina.

Kila mashine iliyofunguliwa pale ilipewa fishi. Alikata karatasi ngumu ya mfuko wa simenti, akaandika jina la mwenyewe, mtaa, ugonjwa, kilichobadilishwa na sahihi ya fundi. Aliibandika ndani ya kifuniko cha nyuma kwa uji wa unga wa muhogo, ambao unashika kuliko gundi yoyote ya dukani na mende hawaupendi ukitiwa chumvi kidogo. Mashine ikirudi baada ya miaka mitano, ulifungua na kusoma maisha yake. Ikiuzwa, hatukuondoa jina la zamani. Tuliandika la mpya chini yake, na maneno haya: amenunua kwa fulani. Nimeona televisheni yenye majina manne yakifuatana kama ukoo.

Sheria yake ilikuwa moja: fishi inaongezwa, haiondolewi. "Asiyetaka fishi," alisema, "arudi na mashine yake kwake. Tutasalimiana tu barabarani." Na watu waliikubali. Hata waliokuwa na haraka walisimama na kutaja majina yao.

Msidhani ilikuwa kazi ya huzuni. Kulikuwa na mama mmoja aliyetuita nyumbani kwake kwa sababu picha inaonekana tu wakati ndugu wa mume wake ameshika waya wa antena kwa mkono, amesimama kwenye mlango. Kila Jumapili mtaa mzima ulikuja kutazama mpira, na yule ndugu hakuwahi kuona goli hata moja kwa maana alikuwa ameipa televisheni mgongo. Muzee Kambale aliipima mashine kila mahali, akaifunga.

"Mama," alisema, "hii haina ugonjwa. Inataka shemeji."

Tuliwafungia waya mrefu hadi kwenye mti, na shemeji yule alitushukuru kama watu waliomtoa gerezani.

Kisha vita vikaja, mara nyingine tena. Ninyi mmezaliwa ndani ya mambo haya, sitawafundisha. Milio ilipoanza upande wa uwanja wa ndege, tulifunga atelye, Muzee Kambale akaweka kufuli mwenyewe, tukaondoka na watu wengine kwenda upande wa Lac Vert, tukakaa kwa jamaa ya mke wake mpaka mji ulipotulia na waasi walipoanza kukaa kwenye ofisi. Tuliporudi, kufuli lilikuwa mahali pake. Mlango mzima. Tulifurahi. Tukaingia, tukakuta televisheni zote zimepangwa kwenye rafu isipokuwa moja, ile kubwa ya rangi ya Mama Esperance.

Mama Esperance alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe, mtu wa Rutshuru kama mimi. Alikuwa mteja wetu wa miaka mingi, mwanamke wa maneno ya moja kwa moja. Wezi walikuwa wameinua bati la nyuma, wakashuka, wakachagua iliyo bora, wakapanda nayo, wakalirudisha bati taratibu. Tulilikuta limelegea misumari miwili. Muzee Kambale alimwita aje aone kwa macho yake. Akaja, akatazama juu, akatazama kufuli, akamtazama muzee.

"Kambale, mwizi gani huyo anachagua moja na anarudisha bati? Mwizi wa kanisa?"

"Mama Esperance, ni hivyo tulivyokuta."

"Ufunguo uko na nani?"

"Uko na mimi."

"Basi nimesikia."

Kesho yake Muzee Kambale alibeba televisheni ya nyumbani kwake, ambayo watoto wake walikuwa wanaitazama, akampelekea. Aliamini kwamba kitu cha mteja kikipotea ndani ya atelye, atelye inakirudisha, basi. Mama Esperance aliipokea. Lakini sokoni alisema, "Mutu asiye na kosa anatoa televisheni ya watoto wake kwa nini?" Na neno hilo lilitembea. Ilikuwa miaka ambayo watu walikuwa wepesi kuamini ubaya wa mtu anayesema lugha nyingine nyumbani kwake, na Muzee Kambale alisema ya Butembo. Wa Rutshuru walianza kupeleka mashine kwingine. Kisha hata wengine. Yule padri alituma mtu kuchukua redio yake kabla haijakwisha kutengenezwa.

Muzee Kambale hakujitetea zaidi. Alikaa, akasafisha meza, akapanga vipuri vidogo vya rezista kwa rangi. Siku moja tu aliniambia, "Bahati, televisheni ile iko mahali. Itaugua. Zote zinaugua. Siku itakapofunguliwa na fundi, fishi itasema ni ya nani, na aliyeileta atataja alikoitoa." Alikuwa na hakika kabisa. Kila mashine mpya ilipoingia, alitazama kwanza nyuma.

Iliugua baada ya miezi kadhaa, na ililetwa kwangu.

Muzee alikuwa amekwenda matanga ya ndugu mmoja. Nilikuwa peke yangu, mchana, jua limewaka. Gari likasimama, askari wawili wakaiteremsha, afande wao, mmoja wa wale waasi, akaingia nyuma yao. Alikuwa mtu wa umbo dogo, mwenye adabu, alinisalimia vizuri.

"Fundi, hii inaleta sauti, lakini picha imekuwa mustari mumoja katikati."

Nilijua ugonjwa kabla sijagusa. Nilijua pia ile mashine. Fundi anaijua mashine kama mchungaji anavyomjua ng'ombe. Kwenye kona kulikuwa na alama ya mshumaa ulioanguka juu yake zamani. Niliifungua, nikakuta fishi. Jina la Mama Esperance, mtaa wake, mwandiko wa Muzee Kambale juu, mwandiko wangu chini.

Afande aliinama akasoma pamoja nami.

"Esperance ni nani?"

"Ni... mwenyewe wa zamani, afande."

"Mimi nilinunua hii kwa mutu. Sasa ni yangu. Toa hiyo karatasi."

Ndivyo alivyosema, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Hakuinua sauti. Hakugusa bunduki, hata askari wake walikuwa nje wanatafuna muwa. Nawaambia hivi kwa sababu kwa miaka mingi niliwaambia watu wachache, tena wakati wa kulewa, kwamba nilitishwa. Sikutishwa. Niliogopa, ndiyo, kila mtu aliogopa. Lakini sheria ya atelye ilikuwa inanipa la kusema, neno dogo la kawaida: "Afande, hapa tunaandika tu chini yake. Umenunua kwa nani?" Labda angecheka akataja jina. Labda angekasirika akaichukua mashine yake akaenda. Nadhani hata hakujua kwamba imeibwa. Swali hilo moja lingetosha, nami nililijua kwa moyo, niliwauliza watu kila wiki.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo ni baya zaidi. Kabla sijashika wembe, alikuwa ameniambia kwamba wanafungua nyumba kadhaa kando ya ziwa, kwamba wanataka mtu wa kuwafungia televisheni na parabole, zile sahani za setilaiti. Kwetu kazi ilikuwa imekauka kwa ajili ya maneno ya sokoni. Nilikuwa na mke na watoto watatu. Nilisikia kazi ile ikiita huku nikisoma jina la Mama Esperance. Nikalowesha kitambaa.

Nilichomelea risasi mahali palipoachia, picha ikajaa, afande akanipiga bega. Karatasi nilibaki nayo mkononi. Sikuwa na moyo wa kuichoma, wala wa kuionyesha. Niliikunja, nikaiweka chini kabisa ya kopo la biskuti tulimoweka rezista za zamani, nikalirudisha kopo kwenye rafu ya juu, juu ya kiti cha Muzee Kambale.

Aliporudi aliuliza nani alikuja.

"Afande mmoja. Mustari katikati. Nimemaliza."

"Fishi?"

"Hakutaka, muzee."

Alinitazama. "Asiyetaka fishi anarudi na mashine yake. Unajua."

"Ni afande, muzee."

"Ndiyo," alisema. "Ni afande." Akakaa kwenye kiti chake, chini ya kopo.

Nilifanya kazi ya nyumba za kando ya ziwa. Nilijifunza parabole, na nilizipenda: kutafuta mahali mbinguni kwa kusogeza sahani kidogo, kidogo tena, mpaka theluji kwenye kioo inageuka kuwa sura ya mtu. Watu wakaanza kuniita mimi badala ya kuja atelye. Niliendelea kukaa kwa Muzee Kambale asubuhi, na kila asubuhi nilijiambia kwamba waasi wakiondoka, afande akihamishwa, nitashusha lile kopo. Nilikuwa ninangoja siku ambayo kusema hakutanigharimu kitu. Afande alihamishwa. Niliona gari lake likipakiwa, televisheni imefungwa blanketi. Wiki hiyo nilikuwa na kazi nyingi. Nikasema, wiki ijayo.

Ndipo mlima ukapasuka.

Mliokuwa wadogo mnakumbuka moshi. Mimi nakumbuka televisheni. Barabara ilikuwa imejaa watu wenye televisheni vichwani, wameacha magodoro, wameacha sufuria, wamebeba televisheni, na nilizitambua nyingi kwa migongo yake. Nilikuwa nimewatanguliza mke wangu na watoto. Nikakimbia kuelekea atelye, na Mungu anajua nilikuwa nakimbilia kopo. Nilifika kwenye njia panda, watu wakanizuia. Moto wa mlima ulikuwa unashuka polepole kati ya nyumba, mzito, mweusi juu na mwekundu chini, bila haraka yoyote. Uliingia kwenye atelye kwa mlango, kama mteja. Bati liliinuka, likajikunja. Nilisimama mpaka joto liliponirudisha nyuma.

Muzee Kambale nilimkuta kesho yake mchana kwenye barabara ya Sake, amekaa juu ya jiwe, mke wake na binti yake Kavira wamelala juu ya kanga pembeni. Alikuwa na suruali ileile na mfuko mmoja wa plastiki. Alifurahi kuniona mzima, alinishika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto.

"Atelye imekwenda, muzee. Niliona."

"Basi," alisema. Halafu akatabasamu kidogo. "Sasa hata Mama Esperance hawezi kuuliza ufunguo."

Nilikaa chini. Nilifungua mdomo. Mbele yangu alikuwapo mtu ambaye hakuwa na kitu tena cha kupoteza isipokuwa jina lake, na mimi ndiye niliyejua lilipokuwa. Angenipiga, labda. Angelia. Angepata la kumwambia Kavira. Lakini kabla sijatamka, aliingiza mkono kwenye mfuko wa plastiki akatoa chuma chake cha kuchomelea, kile chenye mpini wa mbao alioupaka mafuta miaka yote.

"Hiki ndicho nilichukua," alisema. "Mimi narudi Butembo, huko nina kaka na shamba. Wewe bado una mikono. Chukua. Umekaa na mimi miaka yote hii na hujaniibia hata skrubu."

Nilikipokea. Kwa mikono yote miwili, kama inavyofaa kupokea kitu cha mkubwa. Nikasema, "Aksanti, muzee."

Ni yote niliyosema.

Baadaye nilijipa sababu. Barabara ya Butembo ilikuwa mbaya, kila upande una waasi wake. Ni kweli. Lakini malori ya vitunguu yalipita, na barua inapita ndani ya lori la vitunguu. Kisha simu zikaja, na sababu hiyo nayo ikafa. Mnasema simu imerahisisha kuongea. Mimi nilikuwa na namba yake kwenye simu yangu ya kwanza kabisa, ilikuwa ya tatu kwenye orodha, na nilimpigia kila sikukuu. Tuliongea mambo ya kazi. Nilimweleza televisheni nyembamba zilivyoingia, kwamba hazina tyubu, kwamba hazisalimii mtu tena, kwamba fundi wa sasa anatoa sahani nzima na kuweka nyingine bila kujua nini kilikufa.

"Na nyuma?" aliuliza. "Kuna nafasi ya fishi?"

"Ni ndogo sana, muzee."

"Andika ndogo, basi," alisema, akacheka, akakohoa.

Alikohoa hivyo kwenye simu mbili tatu. Halafu Kavira akanipigia kuniambia kwamba baba yake ameshazikwa. Waasi wengine walikuwa wameshika barabara ya Rutshuru, hakuna aliyepita.

Ilikuwa ndani ya vita hivyo vya mwisho ndipo nilipokwenda kwa Mama Esperance. Alikuwa amezeeka, anauza kidogo tu mbele ya nyumba. Nilimwambia yote, kuanzia afande hadi kopo. Alichambua maharagwe yake huku akisikiliza, hakuinua macho.

"Karatasi iko wapi?"

"Chini ya lava, mama. Chini ya zile nyumba mpya."

"Ah." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Bahati, wewe ni mtoto wa kwetu. Ungenijia siku ile ile na karatasi mkononi, ningekwenda sokoni kwa miguu kumuomba Kambale musamaha mbele ya watu. Leo unakuja mikono mitupu kunisafishia marehemu wako. Kama ingekuwa kweli, ungeisema akiwa mzima."

Ndivyo ambavyo mtu mwenye akili angefikiri.

Nikampigia Kavira, kwa sababu alibaki yeye. Nilimweleza yote, kuanzia afande hadi kopo. Kisha akasema, "Papa alikuwa anatuambia, kama mutu mumoja tu kule Goma anajua mimi si mwizi, ni Bahati." Akavuta pumzi. "Ulijua kabisa." Akaniomba nisifike Butembo, wala kwenye kaburi, na nisipige tena. Namba yake bado iko kwenye simu yangu. Sijaifuta na sijaipiga.

Neema, Claude, na ninyi wengine. Atakuja mtu mwenye adabu na simu nzuri, atawaambia: futa yote yaliyomo, ni yangu sasa. Mwulizeni amenunua kwa nani. Ulizeni kwa sauti ya kawaida, kama mnauliza bei ya nyanya, na muandike anachojibu. Mkishindwa kuuliza, mrudishieni simu yake. Kazi nyingine itakuja, hata ikichelewa.

Chuma cha mpini wa mbao kiko kwangu, ndani ya kitambaa. Kinapata moto bado. Sijawahi kukitumia.

Nilipata kazi ya nyumba kumi na moja kando ya ziwa. Kwa kazi hiyo nilimpoteza Muzee Kambale, mtu aliyenipa mikono niliyo nayo. Alikufa akiitwa mwizi katika mji huu, na alikufa akiniamini mimi. Kaburi lake sijaliona, na sitaliona.